Robota Lisilo na Unyayo

Nchi ninayoisimulia ina jina, ila jina hilo kwa sasa linafanyiwa marekebisho na kamati, na kamati imo seminani. Kwa hiyo tutaiita nchi yetu, kama wanavyoiita wanaolipwa kuipenda na sisi tunaoipenda bure.

Nchi yetu hulima pamba. Pamba hiyo, ikishatolewa mbegu kinuni, hushindiliwa kwa miguu. Kuna shimo lililojengewa mbao, urefu futi nne, upana futi mbili na nusu, kina futi saba. Mshindiliaji hushuka asubuhi akiwa peku, humwagiwa pamba kichwani, naye huikanyaga. Pamba ikijaa, naye hupanda. Jioni huwa amefika usawa wa ardhi, amesimama juu ya robota lililokamilika. Ndiyo maana watoto wetu hufundishwa shuleni kwamba ushindiliaji ni kazi pekee duniani ambayo mfanyakazi hupanda kila siku bila upendeleo.

Kabla robota halijafungwa waya, mshindiliaji huchovya mguu wa kulia kwenye nili na kuukanyaga juu ya gunia. Unyayo huo wa buluu ndio muhuri wa taifa. Sheria ya Marobota, kifungu cha nne, inasema: "Robota lisilo na unyayo si robota." Mwaka fulani marobota thelathini yalifika bandarini bila unyayo. Kwa kuwa hayakuwa marobota, hayakuweza kupakiwa melini. Kwa kuwa hakuna aliyeweza kusema ni nini, yaliandikwa kuwa wageni wasio na hati, yakawekwa rumande. Mpaka leo yanasubiri kusomewa mashtaka.

Washindiliaji hustaafu wakitimiza miaka sitini. Takwimu za wizara zinaonyesha kwamba kwa miaka arobaini hakuna hata mmoja aliyelalamikia kiinua mgongo chake. Takwimu hizo ni sahihi. Hakuna hata mmoja aliyefika sitini. Vumbi la pamba likishaingia kifuani halina desturi ya kurudi lilikotoka.

*

Mhandisi Kabula Igembe alikuwa binti wa mshindiliaji. Baba yake alikufa akiwa na miaka thelathini na minane, na kaka yake, Nkwabi, akarithi shimo, kwa sababu shimo hurithiwa na mtoto wa kiume wa kwanza pamoja na ndoo ya nili. Kabula alipelekwa ng'ambo kusomea mitambo. Hilo lilikuwa kosa. Orodha ya waliochaguliwa iliandikwa majina bila kutaja nani ni mwanamume na nani ni mwanamke, na kosa lilipogunduliwa orodha ilikuwa imeshagongwa muhuri.

Alirudi baada ya miaka sita na kumkuta kaka yake ameketi kizingitini, anakohoa.

"Kaka, kikohozi hicho kina muda gani?"

"Kikohozi kipi? Hiyo ni salamu tu. Wewe injinia umeleta nini kutoka huko, zaidi ya miwani?"

"Nimeuliza kina muda gani."

"Msimu wa tatu huu. Usinikazie macho kama mama. Mama mwenyewe yuko ndani, ukitaka wa kukazia macho."

Kabula alimpeleka kwa daktari. Daktari aliweka sikio kifuani, akasikiliza, akasema pamba iliyomo humo ingetosha fulana ya mtoto mchanga, na kwamba msimu mmoja zaidi ungetosha fulana ya mtu mzima. Hiki hakikuwa kipimo cha kitaalamu, lakini katika nchi yetu ndicho kipimo pekee ambacho hakijawahi kukanushwa.

Ilikuwa mwezi wa kumi na moja. Msimu ulikuwa unafunguliwa mwezi wa saba. Kabula alikuwa na miezi minane.

Alichora kwa miezi mitatu. Mashine aliyoibuni haikuwa na siri yoyote. Ilikuwa kasha la mbao ngumu lililofungwa kwa pembe za chuma. Juu ya kasha palikuwa na bamba zito lililoshushwa na parafujo nene kama paja la mtu. Parafujo ilizungushwa kwa wenzo mrefu, na wenzo ulisukumwa na watu wanne, au ng'ombe wawili, waliotembea nje kwa duara. Ubavuni palikuwa na milango miwili ya kutolea robota. Robota la miguu lilikuwa na kilo themanini na lililegea kabla ya kufika bandarini. Robota la parafujo lingekuwa na kilo mia na themanini na lisingelegea. Kwa herufi nyekundu, pembeni mwa mchoro, aliandika sharti moja tu: Hakuna mtu ndani.

Alitengeneza mfano mdogo wa urefu wa kiti na kuujaribu nyumbani. Alitia mto wa kulalia wa mama yake, akazungusha parafujo, akafungua mlango. Mto ulitoka ukiwa na ukubwa wa tofali.

"Kabula!" mama yake alisema. "Nilikusomesha uje unilaze juu ya tofali?"

Nkwabi alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka akaketi chini. Alipopata pumzi akachungulia ndani ya kasha.

"Sasa mimi humu nakaa wapi?"

"Hukai humu. Unasukuma wenzo. Unakaa nje, kwenye upepo."

"Nje," alisema Nkwabi, kama mtu anayetajiwa mji ambao ameusikia tu. "Na lini hiyo?"

"Msimu ukifunguliwa hushuki tena shimoni."

"Apa."

"Siapi. Nimepiga hesabu."

*

Katibu Mkuu wa Wizara ya Pamba na Heshima ya Taifa alikuwa Profesa Ndalawa. Kabla ya kupanda cheo alikuwa mwalimu, na Kabula alikuwa mwanafunzi wake. Ndiye aliyemfundisha kwamba chuma hakisomi barua ya waziri, na kwamba neno la mtu, bila kipimo, ni upepo. Aliutazama mchoro kwa saa nzima. Alikagua hesabu moja moja kwa ncha ya kalamu. Hakuona kosa, na ilisemekana macho yake yalilengalenga machozi.

"Mwanangu," alisema, "mchoro huu hautaguswa hata nukta. Mimi nipo."

Maneno hayo yalisemwa mbele ya shahidi mmoja, yaani mlango, nao ulikuwa umefungwa.

Bahati ilikuwa upande wa Kabula, au ilionekana hivyo. Wiki hiyohiyo ilifika barua ya wanunuzi wa ng'ambo. Walieleza kwa adabu kwamba katika marobota yetu wamekuta nywele, vifungo vya shati na kucha za miguu, na kwamba kuanzia mwaka ule watanunua marobota yaliyoshindiliwa kwa mashine tu. Wangekuja mwezi wa saba kuiona mashine yenyewe.

Waziri, Mheshimiwa Bulemela, alizindua mchoro. Ulitundikwa uwanjani, ukafunikwa kitambaa, kitambaa kikakatwa kwa mkasi ingawa kingeweza kuvutwa. Kisha akahutubia.

"Ndugu wananchi! Leo taifa limechorwa! Wako waliosema hatuwezi kuchora. Nawauliza, hii ni nini? Huu si mstari? Na huu si mstari mwingine? Nchi jirani zina mashine, lakini je, zina mchoro? Hazina! Zilikimbilia mashine moja kwa moja, kwa pupa!"

Tulipiga makofi kwa dakika tisa. Muda huo ulipimwa.

*

Iliundwa kamati ya kupitisha mchoro, Waziri akiwa mwenyekiti na Profesa Ndalawa akiketi kuliani kwake. Kikao cha kwanza kilichagua jina la kamati. Cha pili kiliomba radhi kwa jina lililochaguliwa. Katika kikao cha tatu, Wakili wa Serikali aliinua mkono.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, nimeupitia mchoro huu toka juu mpaka chini. Sijaona mguu."

"Mguu gani?" aliuliza Kabula.

"Mguu wowote. Mashine hii haina mguu. Robota lake halitakuwa na unyayo. Na robota lisilo na unyayo..."

"Si robota!" walijibu wajumbe, wakiwa wamesimama.

Kabula alisema jambo hilo ni jepesi. Ichongwe chapa ya mti yenye umbo la unyayo, ichovywe kwenye nili, igongwe. Wakili alimweleza kwa upole kwamba kuchonga kiungo cha raia ni kughushi raia, na kifungo chake ni miaka saba. Kabula alilifuta pendekezo hilo. Karani alisema limeshaandikwa, ila ataongeza kwamba lilitolewa kwa tabasamu.

"Basi mmoja wa wasukuma wenzo achovye mguu, akanyage robota likishatoka. Ni kazi ya nusu dakika."

"Kifungu cha tano," alisema Wakili. "'Unyayo utakuwa wa mguu ulioshiriki kushindilia.' Huyo ameshiriki kwa mikono. Au tupige kiganja?"

Wajumbe walicheka sana. Mmoja wao aliandika neno "kiganja" kwenye daftari lake na kuweka alama ya kuuliza.

Wiki iliyofuata Kabula alikuja na mchoro uliorekebishwa. Alikuwa ameongeza kanyagio la chuma, nje ya kasha, karibu na wenzo. Lisipokanyagwa kwa mguu, parafujo haizunguki. Kwa hiyo mguu umeshiriki kushindilia, na mwenye mguu yuko nje. Wakili alifungua sheria, akaifunga, akaifungua tena. Kikao kilikaa kimya kwa dakika mbili. Katika vikao vyote kumi na vinne, kimya hicho ndicho kilichoikaribia akili zaidi.

Kisha Mheshimiwa Bulemela akakohoa kidogo, kikohozi cha afya njema.

"Mimi si msomi," alisema, na wajumbe wote wakapinga kwa vichwa. "Lakini nauliza. Mguu huu unakanyaga nini? Unakanyaga chuma. Babu zetu walikanyaga chuma? Walikanyaga pamba! Mguu uingie ndani."

"Ndani ya mashine?" aliuliza Kabula.

"Mguu tu. Hatujasema mtu."

Hapo Wakili alikumbusha kwamba, kwa mujibu wa Katiba, mguu wa raia hautenganishwi na raia. Lilipotajwa neno Katiba wote walisimama, na kwa kuwa walikuwa wamesimama tayari, walipitisha kwamba raia aingie ndani.

Kabula naye alisimama. Hakupaza sauti.

"Waheshimiwa, bamba linashuka kwa nguvu ya tani ishirini. Mtu akiwa ndani atakufa. Sisemi atachoka. Atakufa."

Waziri alitoa kitambaa, akajifuta jicho.

"Andikeni hilo! Huyu ndiye msomi tunayemtaka. Anajali uhai! Mimi naunga mkono. Kwa sababu za usalama, kama alivyoshauri mbunifu mwenyewe, parafujo iondolewe."

"Sikushauri hivyo."

"Umeshauri, dada," alisema karani bila ubaya. "Imeshaandikwa."

Parafujo ikaondolewa. Wenzo, ambao bila parafujo haukuwa na cha kuzungusha, ukaondolewa. Bamba likaondolewa kwa sababu lilikuwa limebaki peke yake. Mjumbe mmoja akauliza, wanunuzi wa ng'ambo wakiona mtu ndani, watakubali kwamba hii ni mashine? Lilikuwa swali zuri, la kwanza katika miezi miwili, na lilijibiwa haraka: kasha likawekewa kifuniko chenye tundu moja la kumwagia pamba. Mwisho wa kikao, kilichobaki kwenye mchoro kilikuwa kasha, kifuniko, milango miwili na jina na sahihi ya Mhandisi Kabula Igembe. Maneno yake mekundu yalihifadhiwa kwa heshima, kwa kuongezwa neno moja: Hakuna mtu anayeonekana ndani.

Profesa Ndalawa alitia sahihi kila badiliko. Mwandiko wake ulikuwa mzuri sana.

*

Kabula alimfuata ofisini.

"Mwalimu, ulisema hautaguswa."

"Na haujaguswa, mwanangu. Umepunguzwa tu."

"Hilo ni shimo, mwalimu. Ni shimo lenye kifuniko. Lile la zamani angalau lilikuwa wazi juu. Humu mtu atavuta pamba badala ya hewa. Nkwabi hamalizi siku moja."

"Nani amesema ni Nkwabi? Nimempa likizo kuanzia leo." Profesa alizunguka meza, akamshika bega. "Sikiliza. Pale mbele ya Mheshimiwa ningefanya nini? Ningesimama, ningefukuzwa, na leo usingekuwa na mtu humu ndani. Ujenzi nitausimamisha. Wewe nenda semina wiki tatu, mambo yapoe. Ukirudi tunairudisha parafujo kimya kimya."

"Na jina langu liondolewe kwanza."

"Jina haliondoki. Mchoro ukishagongwa muhuri haubadiliki."

Kabula alimtazama.

"Naapa," alisema Profesa. "Kwa kaburi la mama yangu."

Kabula hakuwa na desturi ya kuamini viapo. Safari hii aliamini, kwa sababu anayeapa ndiye aliyemfundisha kutoviamini, na alidhani mtu kama huyo, akiapa, ameshapiga hesabu.

Jioni hiyo alimuaga kaka yake. Mashimo yote ya wilaya yalikuwa yameshafukiwa kwa amri, kwa ajili ya kuipisha mashine, na washindiliaji walikuwa wamekaa majumbani.

"Usishuke popote mpaka nirudi."

"Nishuke wapi? Nimewekwa ndani kama bibi harusi. Bado kupakwa hina."

"Nkwabi."

"Nimesikia, injinia. Nenda. Niletee miwani na mimi, nionekane nimesoma."

Semina iliitwa Ubunifu Bila Woga. Ilifanyika kwenye jengo lenye walinzi, na barua za washiriki zilikusanywa ili zisiwaondolee umakini.

*

Siku ya uzinduzi wa mashine, gari la wizara lilimtoa Kabula seminani hadi uwanjani moja kwa moja. Aliambiwa njiani kwamba kuna sherehe ndogo ya kumpongeza. Alipoteremka aliliona kasha katikati ya uwanja, limepakwa rangi ya bendera. Ubavuni lilikuwa na gurudumu kubwa la shaba lenye mpini. Gurudumu hilo halikuwemo katika mchoro wowote. Lilikuwa limeunganishwa na kengele.

Alimtafuta Profesa kwa macho. Profesa alikuwa jukwaani, anasoma ratiba kwa umakini mkubwa.

Kabula aliketishwa mstari wa mbele, kati ya wanunuzi wawili wa ng'ambo. Waziri alihutubia. Alisema taifa lililochorwa sasa limesimama. Alisema mashine hii haili mafuta, haina moshi, haina vipuri vya kuagiza nje. Yote hayo yalikuwa kweli. Kisha akashuka, akashika mpini, akazungusha gurudumu. Kengele ililia. Vibarua waliopanda ngazi wakaanza kumwaga pamba tunduni, kapu baada ya kapu. Ndani ya kasha pakasikika mshindo wa taratibu, dum, dum, dum, na wageni wakaandika kwenye madaftari yao.

Halafu mashine ikakohoa.

"Samahani," aliuliza mnunuzi mmoja kwa Kiswahili cha kujifunza. "Sauti hii ni ya nini?"

"Injini," alijibu Waziri. "Imetengenezwa hapahapa nchini."

Mnunuzi aliitikia kwa kichwa, ameridhika. Kabula alikuwa ameshasimama. Kikohozi kile alikijua: kirefu, kirefu, kifupi, kisha kimya cha kutafuta pumzi. Alikimbia kuelekea kwenye kasha. Askari wawili walimdaka hatua nne kabla ya kufika, kwa sababu ratiba ilisema mlango utafunguliwa na Mheshimiwa baada ya wimbo wa pili.

"Fungueni! Kaka yangu yuko humo! Fungueni mlango!"

"Mbunifu wetu," Waziri aliwaambia wageni, "amezidiwa na furaha."

"Mwalimu!" Kabula alipiga kelele jukwaani. "Mwalimu, waambie!"

Profesa Ndalawa aligeuza ukurasa wa ratiba. Ulikuwa ukurasa wa mwisho, na upande wa nyuma haukuwa na maandishi.

Kapu la arobaini na moja lilimwagwa. Mashine ilikohoa mara mbili. Kapu la arobaini na mbili. Mara moja. Baada ya kapu la arobaini na nne haikukohoa tena, na mshindo nao ukakoma.

"Mbona kimya?" aliuliza mnunuzi.

"Sasa imepata moto," alisema Waziri. "Ikipata moto haisikiki."

Wageni walivutiwa sana. Walipelekwa kwenye hema la chai, ambako mkataba wa ununuzi ulikuwa umetandikwa karibu na maandazi. Wimbo wa pili ulipigwa. Ndipo mlango ukafunguliwa.

Nkwabi alikuwa amesimama. Pamba ilimfika mabegani na haikumruhusu kuanguka. Nyusi zake zilikuwa nyeupe, na mdomo wake ulikuwa wazi, umejaa.

Mama yake, aliyekuwa amealikwa kwa kadi yenye nembo ya taifa, alipita katikati ya askari bila mtu kumzuia, akaanza kuitoa pamba mdomoni mwa mwanawe kwa kidole, uzi mmoja mmoja, kama anayemlisha kinyume. Kabula aliachiwa. Alipiga magoti akasaidia kuchimba. Hakulia pale. Aliwauliza vibarua makapu yalikuwa mangapi, na kila kapu lilikuwa na kilo ngapi, nao wakamjibu, na akayaandika majibu kwenye kiganja.

Sheria haikuvunjwa. Kabla mwili haujaondolewa, mguu wa kulia wa marehemu ulichovywa kwenye nili, na robota likapata unyayo.

*

Uchunguzi ulikamilika kwa siku tatu, jambo ambalo halijawahi kutokea. Ripoti ilikuwa na sentensi moja: injini ya mashine ya taifa iliharibika siku ya kwanza ya kazi. Kwa mujibu wa sheria, kitu kikiharibika anayewajibika ni mtu ambaye jina lake limo kwenye mchoro. Mhandisi Kabula Igembe alishtakiwa kwa kubuni injini dhaifu.

Shahidi wa Serikali alikuwa mmoja, Profesa Ndalawa. Alivaa suti nyeusi, kwa maombolezo. Wakili alimwuliza injini iliwekwaje mashineni.

"Mwanzoni ilisita," alisema Profesa. "Ilisema imeagizwa isishuke popote. Nikaenda nyumbani mwenyewe, nikaionyesha mchoro, nikaonyesha na sahihi ya mshtakiwa. Ikaikagua sahihi muda mrefu. Kisha ikacheka, ikasema, 'Kama ni ya mdogo wangu, basi ni salama. Huyu haapi, huyu hupiga hesabu.' Ikaingia yenyewe, Mheshimiwa Hakimu. Haikulazimishwa na mtu."

Mahakama iliandika kwamba haikulazimishwa.

"Shahidi," alisema Kabula kutoka kizimbani, "uliniambia amepewa likizo."

"Alipewa," alijibu Profesa, naye hakuinua macho. "Likizo ilisitishwa."

"Uliapa."

"Naomba kumbukumbu zionyeshe," alisema Wakili, "kwamba kiapo hakikuwa na muhuri."

Kumbukumbu zikaonyesha. Hakimu alimgeukia mshtakiwa. Alikuwa mtu mwenye haraka, maana alasiri ile alitakiwa kuiahirisha tena kesi ya yale marobota thelathini.

"Mshtakiwa, unazo hesabu zako, mchoro wako wa kwanza, na karatasi nyingine nyingi. Mahakama haihitaji karatasi. Una lolote la kusema kuhusu injini?"

Kabula alikuwa amejiandaa. Alikuwa na kilo za pamba zilizomwagwa, futi za hewa zilizobaki chini ya kifuniko, na dakika ambazo mtu mwenye kifua kile angeweza kuishi humo. Zote zilikuwa sahihi. Alizitazama, akazikunja.

"Aliitwa Nkwabi," alisema.

Karani aliinama akaandika, kwa mwandiko safi: Mshtakiwa amekiri kuijua injini, na ameitaja kwa jina.

Alifungwa miaka saba. Jina hilo la injini lilionekana la kufaa, na wizara ikalisajili. Nkwabi ya Pili ilifungwa mashineni Jumatatu iliyofuata, na tumehakikishiwa kwamba ina kifua kizuri.